Kuchagua hoteli ya likizo ya skii kwenye milima ya Alps: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Munich, jirani na milima ya Austria, na kila ifikapo Oktoba simu yangu hujaa ujumbe wa sauti. Binamu yuko Birmingham, rafiki yuko Zurich, mwingine anapanga kutoka Dar na watoto watatu ambao hawajawahi kushika theluji. Wote wanauliza mambo yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja, na majibu kama ninavyowajibu wao.

Nianze kutafuta hoteli, au nianze na mlima?

Anza na mlima. Hoteli nzuri iliyo chini ya mteremko usio na theluji itakupa kitanda kizuri na wiki nzima ya kutazama majani yaliyolowa. Kitzbühel, mji maarufu wa jimbo la Tyrol, Austria, ambako mbio za skii za Hahnenkamm zilianza mwaka 1931, uko mita 760 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Val Thorens ya Ufaransa iko mita 2,300, na miteremko yake inapanda juu zaidi ya hapo. Februari tofauti hiyo huenda usiione sana. Ukienda katikati ya Desemba au mwisho wa Machi, utaiona siku ya kwanza.

Mimi napenda kulala chini na kuteleza juu. Kaprun, katika jimbo la Salzburg, ni mfano mzuri: kijiji chenyewe kiko chini ya mita 800, lakini tangu 2019 magari ya kebo yanaunganisha kijiji na barafu ya kudumu ya Kitzsteinhorn, ambako kituo cha juu kiko mita 3,029. Mtu aliyezaliwa Tanga au Mombasa akilala usiku wa kwanza kwenye mita 2,300 anaweza kuamka kichwa kizito, koo kavu, na usingizi wa kukatikakatika. Mwili huzoea, ila ukiwa na siku sita tu za likizo, kupoteza moja kwa maumivu ya kichwa ni hasara kubwa.

Hoteli imeandika "dakika 5 kutoka lifti". Niamini?

Lifti hapa ni ile mitambo ya kebo inayopandisha watelezaji mlimani. Amini, kisha uliza: dakika 5 kwa nani, kwa viatu gani, na njia inapanda au inashuka?

Mwaka wetu wa kwanza tulichukua hoteli ya namna hiyo. Asubuhi ilikuwa kweli kabisa. Njia inashuka, miguu ina nguvu, watoto wanaimba. Saa kumi jioni lifti zikafungwa na tukaanza kurudi. Kiatu cha skii ni ganda gumu la plastiki linalofika hadi katikati ya muundi. Kifundo hakikunji, soli hainyumbuki, na unatembea kama mtu aliyefungwa gango miguu yote miwili. Begani nilikuwa na skii zangu, na skii za mtoto zilikuwa kwapani kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye theluji analia, hataki hata hatua moja. Barabara ilikuwa imeganda, na kila hatua tatu nateleza moja. Tulitumia nusu saa. Kesho yake mume wangu akasema afadhali tulipe teksi kila jioni, na tukalipa.

Tangu hapo hoteli naichagua kwa miguu kabla sijaichagua kwa macho. Naifungua ramani yenye mistari ya kimo, naangalia hoteli iko juu au chini ya kituo cha lifti. Nauliza kama njia ya miguu inamwagiwa kokoto asubuhi. Nauliza basi la skii linasimama wapi na safari ya mwisho ni saa ngapi. Na nauliza kama pale kwenye lifti kuna makabati ya kukodi ya kuhifadhi skii na viatu. Hili la mwisho linaokoa watu wengi: ukiacha vyombo vyote kwenye kabati chini ya lifti, unarudi hotelini na viatu vyako vya kawaida, na hapo hata hoteli ya dakika 15 inakuwa si mbali. Mara nyingi hiyo ndiyo bei nafuu kuliko kulipia hoteli iliyobanana na lifti.

Vipi hoteli za kutoka mlangoni na kuteleza moja kwa moja?

Ni raha ya kweli, na unailipia. Ufaransa ndiyo yenye nyingi, kwa sababu vituo kama Avoriaz, Les Arcs na Val Thorens vilijengwa kuanzia miaka ya 1960 na 1970 mahususi kwa skii, majengo yakiwekwa juu kabisa kwenye miteremko yenyewe. Usitegemee kijiji cha zamani chenye kanisa na maduka ya mikate ya vizazi vitatu.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, uliza mteremko unaopita mlangoni ni wa rangi gani. Ufaransa kijani ndiyo rahisi kuliko zote, kisha bluu, nyekundu na nyeusi. Austria na Uswisi kwa kawaida huanzia bluu. Hoteli iliyo kando ya mteremko mwekundu haikufai kitu kama hujui bado kusimama; utashuka na skii begani kila siku huku wengine wakikupita.

Nasikia Zermatt haina magari. Nitafikaje hotelini na mizigo?

Zermatt ni kijiji cha Uswisi chini ya mlima Matterhorn. Magari ya watu binafsi yanaishia Täsch, kilomita 5 kabla ya kijiji. Unaegesha pale, unapanda treni ya dakika 12, na ukishuka unakuta teksi ndogo za umeme. Hoteli nyingi huja kukupokea stesheni ukiwaambia saa ya treni yako, kwa hiyo waandikie mapema. Ukitoka uwanja wa ndege wa Zurich au Geneva, unabadilisha treni Visp. Zurich ni kama saa tatu na nusu, Geneva inakaribia nne.

Ramani ya picha haionyeshi kwamba Zermatt ni kijiji kirefu. Stesheni iko upande mmoja, pamoja na treni ya Gornergrat ambayo imekuwa ikipanda mlimani tangu 1898. Lifti za kuelekea Matterhorn Glacier Paradise, kituo cha mita 3,883, ziko upande wa pili, na kutoka stesheni ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Katikati kuna treni ya chini ya ardhi ya kwenda Sunnegga, ambako wanaoanza, hasa watoto, wana uwanja wao. Kwa hiyo "hoteli ya katikati ya Zermatt" haitoshi. Amua kwanza asubuhi yako itaanzia lifti ipi. Familia yenye wanaoanza ikae karibu na Sunnegga au stesheni. Mtelezaji mzoefu anayetaka kuvuka mpaka kwenda kula mchana Cervinia, Italia, akae upande wa juu wa kijiji na anunue pasi ya lifti inayohusisha nchi zote mbili.

Na Chamonix?

Chamonix, huko Ufaransa, ni mji wa kweli, wenye maduka, baa na historia. Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika pale mwaka 1924. Kutoka Geneva ni mwendo wa saa moja na robo hivi kwa gari. Lakini maeneo ya skii yametawanyika bondeni: Les Houches upande mmoja, Brévent na Flégère juu ya mji, Grands Montets kule Argentière, na Le Tour mwisho wa bonde. Hakuna hoteli iliyo karibu na yote. Utapanda basi au treni, na ni sawa, mradi umelijua hilo kabla ya kulipa. Ndugu zangu wanaoanza siwapeleki Chamonix kwanza.

Nyota nne ni bora kuliko tatu?

Nyota zinahesabu mapokezi, lifti ya ndani, ukubwa wa chumba na huduma. Hazihesabu umbali wa kwenda kuteleza wala uchangamfu wa mwenye nyumba. Austria nimelala kwenye nyumba za nyota tatu zinazoendeshwa na familia moja, bibi yuko jikoni, mtoto wake mapokezi, na asubuhi wanajua jina la mwanangu na anapenda chai ya namna gani. Ningezichagua tena kabla ya jumba kubwa.

Jifunze maneno machache utakayokutana nayo. "Garni" maana yake ni hoteli ya kifungua kinywa tu, hakuna chakula cha jioni. "Gasthof" ni nyumba ya wageni yenye mgahawa wake chini. "Ferienwohnung" ni fleti ya kujipikia. Na usishangae ukikuta kitanda cha watu wawili kina magodoro mawili na malihafu mawili. Ndivyo wanavyolala huku.

Hafu bodi au kifungua kinywa tu?

Katika Austria na sehemu kubwa ya Uswisi, mimi huchukua hafu bodi, yaani "Halbpension": kifungua kinywa na chakula cha jioni. Ukishuka mlimani saa kumi umechoka, giza linakaribia na kuna baridi ya digrii kumi chini ya sifuri, hutaki kuanza kutafuta mgahawa wenye meza ya watu watano. Hoteli nyingi zinaongeza supu na keki za alasiri kwenye bei hiyohiyo. Wanaotaka kujipikia wali na maharage yao, fleti ni nzuri. Nunua vyakula mjini kabla ya kupanda, maana duka la kijijini ni ghali na Jumapili linaweza kuwa limefungwa.

Sisi ni Waislamu. Tutakula nini?

Mtakula, ila ulizeni kabla. Nguruwe huku hajifichi kwenye soseji tu. Vipande vya "Speck" vinatiwa kwenye viazi vya kukaanga, kwenye supu, hata kwenye madonge ya mkate. Na pombe iko mahali msipotegemea: fondue ya jibini ya Uswisi hupikwa kwa divai nyeupe, na zabibu kavu za Kaiserschmarrn, ile chapati nene ya kuvurugwa, mara nyingi zimelowekwa kwenye ramu. Raclette ni jibini iliyoyeyushwa na viazi, hivyo ni rahisi zaidi. Mwambieni tu mhudumu asilete nyama za pembeni.

Kaprun na Zell am See, mji jirani yake, hupokea wageni wengi kutoka nchi za Ghuba wakati wa kiangazi, kwa hiyo wenyeji wanalielewa neno halali na migahawa ya namna hiyo ipo. Ulizeni kama iko wazi majira ya baridi. Hoteli ikijibu kwa kutaja samaki, mayai na mboga watakazopika kwenye sufuria ya peke yake, hiyo imewaelewa.

Kuhusu sala, Januari jua linazama kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na nusu jioni, kutegemea mahali, hivyo adhuhuri na alasiri zote mbili zinaangukia ndani ya saa za kuteleza. Kwa anayetaka kusali chumbani kwa utulivu, hoteli iliyo chini ya lifti ina faida nyingine hapo. Kibla kutoka Alps ni kusini mashariki.

Hoteli ina sauna. Kuna la kujua?

Lipo, na hakuna anayekwambia mpaka umefungua mlango. Austria, Ujerumani na upande wa Italia wanaozungumza Kijerumani, sauna kwa kawaida huingiwa bila nguo, wanaume na wanawake pamoja. Vazi la kuogelea linahesabiwa kuwa si safi mle ndani. Unakalia taulo, na unaweza kujifunika nyingine. Hakuna anayekutazama, wala hakuna nia mbaya. Ndiyo desturi yao tangu zamani. Lakini mama mkwe wangu aliuona mlango ule ukifunguliwa, akarudi chumbani na hakutoka mpaka chakula cha jioni, na kosa lilikuwa langu kwa kutomwandaa.

Kama hutaki, tafuta hoteli yenye siku ya wanawake au yenye sauna ya kuvaa nguo. Nyingine zinayo kwa ajili ya familia. Kwenye bwawa la kuogelea nguo zinavaliwa kama kawaida. Uliza pia umri, kwani hoteli nyingi haziruhusu watoto sehemu ya sauna.

Tuna watoto wadogo. Tuangalie nini zaidi?

Umbali wa shule ya skii ni muhimu kuliko umbali wa lifti kubwa. Shule nyingi huchukua watoto kuanzia miaka 3 au 4, na wanakusanyika saa tatu au saa nne asubuhi kwenye uwanja wenye zulia linalotembea ambalo huwapandisha taratibu. Hoteli bora kwenu ni ile ambayo mtoto anaweza kutembea mwenyewe hadi uwanja huo. Uliza kama shule inawalisha mchana. Uliza kama kuna chumba cha kuunganishwa na kingine, maana vyumba vya zamani vya mbao ni vidogo na mabegi ya nguo za baridi yanajaza sakafu yote.

Mama yangu hatacheza skii. Atakaa chumbani tu?

Asikae chumbani. Chagua kijiji ambacho mlima unafikiwa na asiyeteleza. Grindelwald ya Uswisi ni chaguo langu la kwanza: treni na magari ya kebo yanampeleka hadi Jungfraujoch, mita 3,454, na atarudi na picha za kuwaonyesha majirani miaka kumi. Gornergrat ya Zermatt ni treni tangu mwanzo hadi mwisho, anakaa dirishani na Matterhorn iko mbele yake. Zell am See ina ziwa na njia tambarare ya kutembea kando yake. Hotelini kwenyewe mtafutie chumba chenye roshani inayotazama kusini, jua lipige asubuhi.

Chumba cha kuhifadhia skii kina umuhimu gani?

Mkubwa kuliko anavyofikiri mtu asiyewahi kuvaa kiatu cha skii kilicholowa. Ndani ya ganda lile kuna kiatu cha pili laini, kinachonyonya jasho na theluji iliyoyeyuka. Kikilala bila kukaushwa, asubuhi kinakuwa baridi hadi mfupa na hakiingii mguuni. Chumba kizuri, "Skiraum" kwa Kijerumani, kina vijiti vya chuma vinavyopuliza hewa ya moto. Unavisha kiatu juu chini, na asubuhi unatia mguu kwenye joto. Kiwe ghorofa ya chini, chenye mlango wa kutokea nje moja kwa moja. Hoteli ikikwambia "weka tu chumbani kwako", endelea kutafuta.

Lini bei inashuka?

Epuka Krismasi hadi tarehe 6 Januari. Epuka Februari ukiweza: Waingereza wana likizo ya shule katikati ya mwezi, Wafaransa wanagawa nchi katika kanda tatu zinazopokezana likizo hadi mwanzoni mwa Machi. Wiki za kati ya tarehe 7 Januari na mwisho wa mwezi huo ndizo ninazopenda. Theluji ipo, foleni ni fupi, na bei imepungua. Hoteli nyingi huuza Jumamosi hadi Jumamosi, lakini Januari hata Jumapili hadi Alhamisi unaweza kupewa.

Kuna gharama ambazo hazionekani kwenye bei?

Kodi ya mgeni, inayolipwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Maegesho ya gari. Kwenye fleti, usafi wa mwisho na pengine mashuka. Barabara kuu za Austria na Uswisi zinahitaji stika ya kulipia barabara, na Austria matairi ya baridi ni lazima kati ya 1 Novemba na 15 Aprili barabara zikiwa na theluji au barafu. Pasi ya lifti haimo kwenye bei ya hoteli isipokuwa wameandika. Kwenye maeneo makubwa ya Austria siku moja hupita euro 70 kwa mtu mzima, kwa hiyo kwa familia inaweza kushindana na bei ya chumba. Upande wa faida, ulizia kadi ya mgeni, maana vijiji vingi kadi hiyo inakupa basi bure.

Ninaomba visa ya Schengen. Nilipie hoteli kwanza?

Weka nafasi inayoweza kufutwa bila gharama, uitumie kwenye maombi. Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, hivyo usiku 4 Zermatt na 2 Milano maana yake ni Uswisi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Kwa Januari, anza Septemba au Oktoba. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Soma masharti yake: bima nyingi za visa hazigusi ajali ya skii wala helikopta ya uokoaji, na hiyo lazima uiongeze. Italia inamtaka kila mtelezaji awe na bima ya madhara kwa wengine tangu Januari 2022.

Tutakuwa sisi weusi peke yetu hotelini?

Huenda ndiyo, kwenye chumba cha kulia cha kijiji kidogo. Watoto watawatazama, wazee watawasalimia "Grüß Gott" na mkiwaitikia mambo yanakwisha. Mimi nimekutana na udadisi mwingi na ukarimu zaidi. Wanangu mimi huwaambia habari za Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya kwenye skii ya Alps katika Olimpiki ya Pyeongchang. Wanajua mlima huu una watu wao pia. Mapitio ya wageni yanasaidia: soma wanavyosema wageni waliotoka mbali, si Wajerumani tu.

Nimwandikie nini mwenye hoteli kabla ya kulipa?

Huu ndio ujumbe wangu. Nautafsiri Kijerumani au Kifaransa kwa programu ya simu na kuutuma:

"Habari. Tunakuja watu wazima 3 na watoto 2, wawili kati yetu ni mara ya kwanza. Naomba kujua: kutoka mlangoni kwenu hadi shule ya skii ni mita ngapi, na kurudi ni kupanda au kushuka? Basi la skii linasimama wapi, na la mwisho ni saa ngapi? Chumba cha skii kina vikausha viatu? Mnaweza kupika bila nguruwe na bila pombe? Je, mnatupokea stesheni? Na tukikosa visa, tunaweza kufuta hadi tarehe gani?"

Mwaka jana niliutuma kwa hoteli sita. Nne zilinijibu kwa kiungo cha tovuti yao. Moja haikujibu. Ya sita aliandika mama mwenye nyumba mwenyewe: "Mita 180, kurudi mnapanda kidogo, ila mwanangu ana toroli la theluji, atawachukua watoto kila saa tisa na nusu." Tulilipa siku ileile.